Neno Lililokataliwa Mara Tatu

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Kalunde vilikuwa vimevimba kama viazi vitamu. Inspekta Muthama aliviona kabla ya kuketi, na hakuketi.

"Nani amefanya hii?"

Sajini Musembi, msimamizi wa kituo cha Kwa Ndeti, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Alijibana na mlango, afande."

"Mlango wa seli hufungwa na nani? Yeye ama wewe?"

Musembi alikunywa chai kidogo. "Mimi kazi yangu nimemaliza. Amekiri. Karatasi iko na saini. Kesho saa tatu anasimama kortini, na wakubwa wa Nairobi wako na haraka."

"Toka nje."

"Afande, sheria ya kituo inasema..."

"Toka nje na hiyo chai yako, Musembi, kabla sijasahau mimi ni askari."

Sajini alitoka polepole, kama mtu anayetoka kwa hiari yake. Muthama alivuta kibao, akaketi mbele ya msichana. Kalunde alikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Mtu aliyechagua kumwumiza vidole alikuwa amechagua vizuri.

"Mimi ni Muthama, kutoka upelelezi. Nimepewa hii kesi juzi. Nitakuuliza maswali machache, na hakuna mtu atakugusa tena. Ulimpa Jabiri neno la siri?"

"Hapana, mzee."

"Karatasi inasema ulimpa."

"Karatasi si mimi niliiandika. Mimi niliweka saini na mkono wa kushoto." Aliinua ule wa kulia. "Huu ulikuwa umekataa."

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Mpango wa Pamoja wa Tahadhari ya Ukame ulikuwa na kompyuta mbili, moja Wote upande wa Kenya na nyingine Dodoma upande wa Tanzania, na mfadhili mmoja, Uswidi. Kila Jumatatu Kalunde alituma kwa njia ya simu takwimu za mvua na za maghala kutoka Kitui na Makueni. Dodoma nao walituma zao. Kila nchi ilitunza nakala ya mwenzake, ili asipatikane mkubwa wa kugeuza namba za njaa nyumbani kwake baada ya kuzituma. Chakula cha msaada kilitolewa kwa namba zilizokubaliwa na pande zote mbili, si kwa maneno ya mtu. Na kabla mashine ya Dodoma haijafunguka, ilikuuliza neno. Hapa Kenya neno hilo lilijulikana na Kalunde peke yake; nakala yake ilikuwa imefungwa ndani ya bahasha.

Jumatano tarehe nane Februari mwaka huo wa 1995, mtu alipiga simu kutoka Kenya kwa kompyuta, akaipa mashine ya Dodoma lile neno, na akafuta takwimu za Kenya za miezi minne. Siku hiyohiyo Dodoma walikata laini. Watanzania walisema Wakenya ni wezi. Nairobi ilisema Watanzania wamepoteza kumbukumbu kwa uzembe na wanatafuta wa kubebeshwa lawama. Uswidi waliandika sentensi mbili tu: mwenye kosa asipojulikana kufikia Jumatatu, mpango unafungwa. Nairobi ilihitaji mtu, na ikampata Kalunde. Pamoja naye ilimpata Jabiri, fundi wa kompyuta wa mjini Kitui, mwenye asili ya pwani, ambaye kosa lake la kwanza lilikuwa kujua mashine zinavyofanya kazi.

"Jumatano hiyo ulikuwa wapi?"

"Matiliku, kwa mama. Nilikuwa likizo siku tatu. Kijiji kizima kinanijua huko."

"Ulimwona Jabiri?"

"Jabiri alikuwa Kitui. Mimi Matiliku. Tungeonana wapi, kwa ndoto?"

"Ulizungumza na mtu yeyote wa kazini?"

Kalunde alifikiri. "Bosi alinipigia simu. Bwana Mwangangi. Simu ya posta. Nikaitwa kutoka foleni ya maji."

"Alitaka nini?"

"Hakutaka kitu. Akaniuliza kama mbua imenyesha huku kwetu. Nikamwambia, bwana mkubwa, hakuna mbua hapa. Akasema asante, akaweka simu chini. Nikarudi foleni, nikakuta wamenipita watu kumi na mbili."

Muthama aliandika. Mkataba wa nchi mbili ulikataza polisi wa upande wowote kuuliza neno lenyewe, na yeye alikuwa ametia saini kwamba hatauliza. Hakuuliza.

Mlangoni alikutana tena na Musembi.

"Nikirudi hapa jioni nikute vidole nane vizima," alimwambia. "Kikipungua kimoja, nitahesabu vyako."

* * *

Hemedi Mbwana alikataa kutuma karatasi kwa faksi. Alisema kwa simu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama mstari wa rula, kwamba hawezi kuipitisha kwenye waya uleule uliowaibia. Akapanda basi kutoka Dodoma, akavuka mpaka Taveta, akabadili basi Voi, na saa sita mchana alikuwa ameketi hotelini Mtito Andei, kati ya madereva wa malori, na bahasha kubwa chini ya kwapa. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini, msimamizi wa mashine ya Dodoma. Alikula wali kwa mkono wa kulia bila kulegeza kwapa la kushoto.

"Weka mzigo mezani, ndugu," Muthama alimwambia. "Hapa hakuna mwizi."

"Ndivyo tulivyoambiwa tulipounganisha laini."

"Umesafiri siku mbili uje kunitukana?"

"Nimesafiri siku mbili kwa sababu ulinisihi. Matusi ni ya bure." Hemedi alinawa. "Nitakuambia wazi, Inspekta. Bosi wangu ananiona mjinga kuja. Anasema, ukiwaonyesha Wakenya karatasi, watajua cha kukanusha. Kwa hiyo karatasi haitoki mikononi mwangu."

Muthama alisikia hasira ikimpanda shingoni. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kali. Akalimeza, akafungua mkoba wake, akatoa ile karatasi ya kukiri ya Kwa Ndeti na kuiweka mbele ya sahani ya Mtanzania.

"Basi nianze mimi. Hiyo ndiyo kesi yetu yote. Hakuna nyingine. Isome."

Hemedi hakuigusa. "Hii ni siri ya serikali yako."

"Ni aibu ya serikali yangu. Yule msichana ameumizwa vidole ndiyo aiweke saini. Kesho asubuhi inasomwa kortini na anafungwa. Sasa unajua kitu ambacho bosi wangu akijua umekijua, mimi nitaenda kuchunga mbuzi. Soma."

Hemedi alivaa miwani, akasoma. Alipofika katikati alirudi juu, akasoma tena.

"Hapa imeandikwa, 'Nilimpa Jabiri neno la siri, naye akaingia mara moja saa tatu asubuhi.' Mara moja?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Uongo." Hemedi alivua miwani. "Hakuingia mara moja. Alikosea mara tatu."

Dereva mmoja wa lori aliomba chumvi. Muthama alimsogezea bila kumtazama.

"Rudia."

Hemedi alichomoa bahasha kwapani. Ndani mlikuwa na karatasi ndefu yenye matundu pembeni, ile ambayo mashine ya Dodoma huchapa kila inapopigiwa simu. Aliikunjua mezani na kufunika upande mmoja kwa kiganja.

"Saa utaziona. Maneno hapana. Tazama. Saa tatu na dakika kumi, alikataliwa. Dakika ya kumi na moja, alikataliwa. Dakika ya kumi na mbili, alikataliwa, na mashine ikamkatia simu. Saa tatu na dakika thelathini na nne akapiga tena. Akakubaliwa kwa mara ya kwanza. Sisi tulidhani ni msichana wenu mwenyewe, amebabaika."

"Hakuwa hapo. Alikuwa Matiliku, watu wa kijiji kizima wanamjua. Na karatasi hii inasema ni mtu aliyepewa neno." Muthama aligonga karatasi ya kukiri kwa kidole. "Sasa niambie wewe, ndugu Hemedi. Nikikupa ufunguo wa nyumba yangu, utajaribu funguo nyingine tatu kwanza?"

"Labda amesahau."

"Asahau neno moja mara tatu?"

Hemedi alitazama kiganja chake kilichofunika maneno. Kisha akatazama ile karatasi ya Kwa Ndeti, ambayo ilikuwa bado mbele yake, wazi, na muhuri wa polisi wa Kenya.

"Nikiuondoa mkono huu, nimevunja mkataba," alisema.

"Mimi kiapo changu cha kazi nimekivunja kabla ya chakula chako kupoa."

Mtanzania aliuondoa mkono.

Maneno manne yalikuwa yamepangwa chini kwa chini. MVUA. MVUA. MVUA. Na la nne: MBUA.

Muthama alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri, na watu wa meza ya jirani waligeuka.

"Mbona unacheka? Hili la mwisho ni neno gani? Nilidhani ni herufi tu za ovyo; karatasi hizi kwa kawaida huzisoma msaidizi wangu."

"Ni mvua. Kwa Kikamba ni mbua. Na Mkamba ambaye hajasoma sana akiongea Kiswahili, bado atakuambia mbua. Ulimi wetu haupendi hiyo herufi ya pili. Mimi nilihudhuria shule ya jioni miaka saba ndiyo niitamke."

"Lakini mkataba unasema neno ni MVUA. Nimelisoma mimi mwenyewe siku tulipofunga bahasha za mkataba."

"Nani aliliingiza kwenye mashine yenu?"

Hemedi alifumba macho akikumbuka. "Huyo msaidizi wangu, Mishi. Siku ya kwanza. Msichana wenu alimsomea kwa simu, herufi moja moja, na Mishi akaandika alivyosikia. Mashine haijui kusahihisha. Inajua ilichofundishwa tu."

"Kwa hiyo tangu siku ya kwanza neno la kweli lilikuwa MBUA, na Kalunde peke yake ndiye aliyelijua. Angempa mtu neno, angempa hilo. Mtu huyu hakupewa. Mtu huyu alilisoma mahali lilipoandikwa kwa Kiswahili kizuri."

"Au alilisikia na kuliandika vizuri," Hemedi alisema polepole. "Samahani, Inspekta, sitaki kumtupia mtu mashaka. Lakini fundi wenu Jabiri ni mtu wa pwani. Akimsikia msichana anasema mbua, yeye ataandika mvua, kama mimi."

Hiyo ilikuwa kweli, na Muthama hakuipenda. Aliitazama ile karatasi upya. Jana alikuwa ameongea na Jabiri seli ya pili kule Kwa Ndeti, na Jabiri, mdomo umepasuka, alikuwa amemwambia, "Wananiuliza nimeiba neno. Neno gani? Hebu niambieni na mimi nilijue, nisifungwe mjinga." Muthama alikuwa ameona ni ujanja.

"Dakika ishirini na mbili," alisema mwishowe. "Saa tatu na kumi na mbili hajui. Saa tatu na thelathini na nne anajua, na hakosei tena. Katikati hapo alimsikia Mkamba akilisema, na akaelewa. Malizia chai, ndugu. Siku hiyo Kalunde alipigiwa simu ya posta. Tunaenda Matiliku."

"Karatasi haitoki..."

"Najua. Kwa hiyo na wewe unakuja."

* * *

Posta ya Matiliku ilikuwa chumba kimoja, na simu ya soko lote ilikuwa juu ya kaunta ya Nzilani. Mama huyo alikuwa ameihudumia miaka kumi na tisa. Mtu akipigiwa simu, Nzilani alitoka mlangoni na kupaza sauti, na jina lilipokelewa na duka kwa duka mpaka limfikie mwenyewe. Ukutani alikuwa ametundika daftari la shule.

Nje, foleni ya mitungi ilianzia kwenye bomba, ikazunguka kinu cha kusagia kilichofungwa, ikaishia barabarani. Kinu kilikuwa kimefungwa kwa sababu hapakuwa na cha kusaga.

"Mwaitu," Muthama alisema, kwa ile heshima ambayo Mkamba humpa mama mtu mzima, "natafuta simu ya Jumatano tarehe nane. Ya Kalunde."

"Yule wamemfunga." Nzilani hakuinuka. "Mmekuja kumtoa ama kumwongezea?"

"Kumtoa, mwaitu, ukinisaidia."

"Na huyu mwarabu aliyekumbatia makaratasi?"

"Mimi ni Mrangi wa Kondoa, mama," Hemedi alisema kwa upole.

"Hata wewe karibu. Keti, usidondoshe."

Nzilani alishusha daftari, akalamba kidole, akafungua. "Mimi naandika kila mtu anayeitwa hapa. Ni saa gani ameitwa na ni saa gani amefika, kwa sababu baadaye watu wanakuja kunigombeza ati sikuwaita. Haya. Tarehe nane. Saa tatu na robo, simu kutoka Wote, ofisi ya ukame, Bwana Mwangangi. Nikamwambia Kalunde yuko bombani, piga baadaye. Akasema hapana, atangoja kwa laini. Akangoja! Dakika kumi na tano, simu ya pesa. Saa tatu na nusu Kalunde akafika. Dakika moja akamaliza."

Hemedi alikunjua karatasi yake juu ya kaunta, bila kuombwa, akaiweka ubavuni mwa daftari la Nzilani. Saa tatu na kumi na mbili. Saa tatu na robo. Saa tatu na nusu. Saa tatu na thelathini na nne. Mistari ya mashine ya Dodoma na mwandiko wa Matiliku ilishikana kama meno ya juu na ya chini.

"Walisema nini, mwaitu?"

"Kwani mimi nasikiza simu za watu?"

"Ndiyo."

Nzilani alicheka kidogo. "Aliuliza mbua. Ati imenyesha huko? Kalunde akamwambia hakuna mbua. Mimi nikashangaa mpaka leo."

"Kwa nini ushangae? Ni ofisa wa ukame. Kazi yake ni mvua."

"Mwanangu, wewe ni Mkamba ama umeiba hilo jina?" Nzilani alimwangalia vibaya. "Mwezi wa pili! Hata kuku wa hapa anajua mwezi wa pili hakuna mbua. Mkamba gani anangoja dakika kumi na tano kwa simu kuuliza mbua mwezi wa pili?"

Kalunde alikuwa amemwambia Muthama jambo hilohilo asubuhi, naye akaliandika na kulipita.

"Hakutaka kujua jibu," alimwambia Hemedi. "Alitaka kusikia anavyolitamka."

* * *

Walifika Wote ofisi zikikaribia kufungwa. Bwana Mwangangi alikuwa bado mezani, amevaa kaunda suti ya rangi ya maziwa, na juu ya kichwa chake kulikuwa na kibao cha mbao: ONGEA KISWAHILI SANIFU AU KIINGEREZA. Alikuwa Mkamba, mzaliwa wa Kilungu, lakini hakupenda mtu amkumbushe. Ukutani kulikuwa na ramani ya wilaya iliyopakwa rangi, na sehemu kubwa ilikuwa kijani.

"Inspekta! Na Bwana Hemedi! Hii ni heshima. Mmekuja kufungua laini?"

"Tumekuja kufungua bahasha," Muthama alisema.

Siku ya kufunga mkataba, neno lilichapwa kwenye karatasi mbili na kutiwa kwenye bahasha mbili, moja kwa kila nchi, ya kutumiwa ikiwa mwendeshaji atakufa au atapotea. Kila mmoja alitia saini juu ya mdomo wa bahasha ya mwenzake, ili isifunguliwe bila mwenzake kujua. Hemedi alitoa yake kutoka mfuko wa ndani wa koti. Saini ya Mwangangi ilipita juu ya mdomo, nzima, bila mkatiko.

"Sasa yako, Bwana Mwangangi."

"Iko kwenye sefu. Kuitoa kunahitaji barua kutoka..."

"Itoe."

Mwangangi aliitoa. Hemedi aliipokea, akaipeleka dirishani, akavaa miwani. Hakukawia.

"Hii saini yangu imevunjika mfupa," alisema. "Nusu ya juu imehama. Mtu aliibandua kwa mvuke, akaigundisha tena kwa haraka."

"Ni joto," Mwangangi alisema. "Ofisi hii ina joto sana. Gundi huachia."

"Joto limesoma neno halafu likapiga simu Dodoma?" Muthama aliweka mezani daftari aliloazimwa na Nzilani. "Saa tatu na dakika kumi ulijaribu neno la bahasha. Likakataliwa mara tatu. Saa tatu na robo ukapiga simu Matiliku."

"Kumjulia hali mfanyakazi wangu. Hilo ni kosa?"

"Hukumjulia hali. Ulimwuliza mvua, mwezi wa pili."

Mwangangi alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyezoea kusahihisha watu. "Inspekta, mimi ni mtaalamu wa hali ya hewa. Na huyo msichana... nilimwonya siku nyingi kwamba Kiswahili chake cha jikoni kitaleta balaa. Hawezi hata kuandika neno la darasa la pili. Mbua, mbua, mbua. Mkataba wa nchi mbili, na anaandika mbua!"

Hemedi aligeuka kutoka dirishani.

"Nani amekuambia aliandika mbua?" Muthama aliuliza.

Tabasamu lilibaki usoni kwa Mwangangi, lakini hakuna kilicholishikilia.

"Mimi nimelijua leo saa saba, Mtito Andei," Muthama aliendelea. "Bwana Hemedi alikuwa na karatasi na hakujua maana yake. Kalunde hakulisema kwa mtu. Karatasi ya Kwa Ndeti haina hilo neno. Bahasha inasema mvua. Ukimtoa Kalunde na mimi, mtu wa pekee Kenya nzima anayejua kwamba msichana aliandika mbua ni yule aliyeliingiza."

Hemedi hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amesimama mbele ya ramani, kidole juu ya Matiliku.

"Hapa mmepaka kijani. Kijani ni nini?"

"Mvua ya kutosha," Mwangangi alisema kwa sauti ndogo.

"Mishi alikuwa ananisomea namba za msichana huyu kila Jumatatu. Matiliku tangu Oktoba ni sifuri. Sifuri, sifuri, milimita tatu, sifuri. Nazikumbuka kwa sababu Mishi aliniuliza, je, mzee, watu hawa wanakula nini?" Hemedi aligeuka. "Wewe uliwaambia wakubwa wako kijani. Nakala ya kweli ilikuwa kwetu. Ndiyo sababu ulikuja kuifuta."

"Mkutano wa kulinganisha namba ulikuwa Ijumaa," Mwangangi alisema. "Mheshimiwa alishatangaza hadharani kwamba Makueni hakuna njaa. Mngetaka nimsimamie mbele nimwambie ni mwongo? Mimi? Kuna wakurugenzi wangapi wamepotea kwa mambo madogo kuliko hayo?" Sauti ilimpanda. "Na yote haya, kelele zote za nchi tatu, kwa ajili ya herufi moja ya msichana wa kijijini!"

Muthama alizunguka meza. Mwangangi alirudi nyuma mpaka kile kibao cha Kiswahili sanifu kikamgonga kisogo.

"Ulimtoa kwenye foleni ya maji," Muthama alisema. Hakupaza sauti, na mkono wake ulikuwa umeshika pingu kwa nguvu hata mnyororo ukalia. "Ukamwuliza kama mvua imenyesha, na akakujibu. Alikuambia hakuna. Ulisikia herufi tu, jibu hukulisikia. Lete mikono."

Alipomaliza kumfunga, Hemedi alimshika bega. Alikuwa amekunja ile karatasi ndefu vizuri, mara nne, na alikuwa akimpa.

"Chukua. Ya kortini kesho."

"Ulisema haitoki mikononi mwako."

"Nilimwambia hivyo Mkenya mwingine, mchana," Hemedi alisema. "Nipe simu nimwambie Mishi afungue laini tena. Na nipe nakala ya daftari la yule mama. Bosi wangu hataniamini mimi, lakini yule mama atamwamini."

* * *

Kwa Ndeti, Sajini Musembi alifungua seli mbili bila kusema neno. Jabiri alitoka wa kwanza, akaomba viatu vyake, akaondoka kuelekea barabarani bila kumtazama mtu yeyote. Musembi aliweka kitabu cha kituo mbele ya Kalunde, atie saini kwamba amepokea mkoba na saa yake.

Kalunde alishika kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Karatasi ile ingine iko wapi?" Muthama alimwuliza sajini.

"Ile ya kukiri? Iko kwa faili, afande."

"Iache hapohapo. Usiipoteze. Jumatatu utaniandikia ilivyopatikana, na huo mlango uliombana utaandika jina lake na namba yake ya kazi."

Nje jua lilikuwa bado kwenye vilima. Muthama alimfungulia Kalunde mlango wa gari, kisha akauliza lile lililokuwa likimsumbua tangu Mtito Andei.

"Ulijua neno lako si sawa na la mkataba?"

"Nilijua wiki ya pili. Niliona aibu. Bosi angenicheka mbele ya watu."

"Hiyo aibu ingekuokoa siku ya kwanza. Aliyepewa na wewe asingekosea mara tatu. Siku nne umekaa humu ndani. Mbona hukusema?"

Kalunde alimtazama mzee huyo mwenye daftari lililojaa maswali, na macho yake hayakuwa na shukrani hata kidogo.

"Wote mliniuliza nimempa nani," alisema. "Musembi, wakubwa wa Nairobi, na wewe pia asubuhi. Kuna hata mmoja aliniuliza kama limeibwa?"

Muthama alifunga mlango wa gari, akazunguka upande wake.